Flatibedi ya Changamwe na Mercedes ya baba: kusafirisha gari la oto la zamani kutoka Kizingo hadi Voi

Nimelipa shilingi 28,000 kubebewa gari lisilowaka kutoka Kizingo, Mombasa, hadi kwetu Voi, mwendo wa kilomita kama 150. Kila niliyemtajia bei hiyo ameguna. Kijana mmoja wa hapa stendi aliniambia kwa pesa hizo angelivuta kwa kamba, na mimi nikabaki na za kununulia tairi. Sijutii hata shilingi moja. Naeleza sababu kwa ajili ya wenzangu wenye magari ya zamani ya oto, yaani yanayojibadilishia gia yenyewe, yaliyolala kwa ndugu na jamaa, wanaotafuta namna ya kuyafikisha nyumbani bila kuyaua njiani.

Mwenye lori ameniomba nisimtangaze. Ana flatibedi moja tu, yaani lori la kitanda bapa la kubebea gari zima, Isuzu nyeupe, na kazi aliyo nayo inamtosha. Kwa hiyo jina na namba sitoi, ila nitaeleza alivyofanya, ili ukikutana na mwingine umpime kwa kipimo hicho.

Mimi ni fundi wa viti. Nashona viti vya matatu na vya malori, nashona na maturubai ya kufunikia mizigo, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mambo ya injini nawaachia wenyewe, lakini kwenye mkanda, uzi na mshono hakuna wa kunidanganya.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 450SLC ya 1977, rangi ya dhahabu iliyofifia. SLC ni ile ndefu ya paa la chuma, ndugu yake SL ya kufunguka paa. Utaijua kwa vile vioo vyake vidogo vya ubavuni nyuma vyenye vipande vilivyopangwa kama shata za dirisha. Zilitengenezwa tangu 1971 hadi 1981, zote pamoja 62,888. Hii yetu ina V8 ya lita 4.5 na giaboksi ya oto ya gia tatu. Watu wakisikia oto hudhani ni gari la starehe tu, la kwenda harusini. Basi wajue kwamba SLC za mashindano zilizokuja kwetu Safari Rally nazo zilikuwa oto: mwaka 1979 Hannu Mikkola alimaliza wa pili nyuma ya Shekhar Mehta, mwaka 1980 Vic Preston Jr akawa wa tatu, na kule Kodivaa mwishoni mwa 1979 SLC zilizoa nafasi nne za kwanza katika mbio za Bandama. Baba alizifuatilia redioni Pasaka nzima, na kila ikitajwa SLC alikuwa akitutazama kana kwamba ametajwa yeye.

Kwa sababu wakati huo alikuwa dereva wa daktari mmoja wa Kizingo, na gari alilokuwa akiendesha ni hilihili. Miaka kumi na minne alilishika usukani. Daktari alipofariki, gari likabaki bandani, na mwaka huu mjane wake aliniita akaniuzia kwa bei ya kujuana, akasema, "Mpelekee mzee wako kabla bahari haijalimaliza." Hakusema uongo. Pale bandani ukisimama unasikia harufu ya maji chumvi, na chini ya milango kutu ilikwisha kuanza kula. Voi ni pakavu. Chuma hupumzika huku.

Sasa ugumu uko kwenye oto. Nilishauona kwa macho yangu. Marehemu kaka yangu alikuwa na Toyota Mark II ya oto, nayo inaendeshwa na magurudumu ya nyuma. Ilimzimikia Mariakani. Akapatikana mtu wa lori, wakafunga kamba, wakatia gia nyutro, wakaivuta hadi Voi kwa mwendo wa lori lenyewe, zaidi ya kilomita mia moja. Injini ilikuja kuwaka baadaye kwa kubadilisha kifaa kidogo cha umeme tu. Gari halikwenda. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ilitoka nyeusi tii, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua kwenye sufuria. Kaka hakuweza kununua giaboksi nyingine. Lile gari liliuzwa vipande vipande, na viti vyake nilivinunua mimi.

Fundi yule ndiye aliyenifundisha sababu, nami naieleza kama nilivyoelewa. Ndani ya giaboksi ya oto kuna pampu inayosukuma oili, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikizimika, pampu imelala. Lakini ukilivuta gari magurudumu ya nyuma yakiwa chini, magurudumu yanazungusha propela, ule mhimili mrefu unaoyaunganisha na giaboksi, propela inazungusha vyuma vilivyomo ndani ya giaboksi, na vyuma hivyo vinasagana bila oili mpya kuvifikia. Kutia nyutro hakuzuii propela kuzunguka. Hata pale kitabu cha gari kinaporuhusu kuvuta oto, huwa ni umbali mfupi na mwendo wa pole. Mombasa hadi Voi si umbali mfupi.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta mtu, swali langu lilikuwa moja: magurudumu ya nyuma yatakuwa wapi?

Wa kwanza kuja Kizingo alikuja na lori la ndoano, lile la kuinua gari mbele kwa mnyororo. Nilimuuliza swali langu. Akasema, "Mama, tunatia nyutro tu, hizi tumevuta nyingi." Nikamwambia hili ni oto. Akasema oto na isiyo oto kwenye kamba ni moja. Tanboi wake alikuwa tayari ameingia chini, anapitisha mnyororo kwenye mkono wa usukani, kale kachuma kembamba kanakogeuza gurudumu. Nikamwita atoke. Nilimlipa yule bwana shilingi elfu mbili za mafuta yake ya kuja, tukaagana vizuri.

Haki yake niseme: lori la ndoano laweza kufaa kwa gari la namna hii kama litainua upande wa nyuma na kuufunga usukani unyooke, au kama propela itafunguliwa kwanza. Fundi mmoja wa Tudor alikuwa radhi kuifungua. Aliingia chini na tochi, akaona nati zilivyoshikana na kutu, akaniambia atahitaji siku nzima na gesi ya kuchomea. Gesi ya moto chini ya tangi lenye petroli ya miaka sita? Nikamshukuru.

Ndipo nikapewa namba ya huyu wa Changamwe. Kabla ya kutaja bei aliniuliza maswali, moja baada ya jingine, bila haraka. Ni oto? Ufunguo upo, na unazunguka? Magurudumu yote manne yanazunguka, au kuna lililoshika? Tairi zina upepo? Pua ya gari iko chini kiasi gani kutoka ardhini? Njia ya kutokea bandani ina kona? Hilo la mwisho hakuna mwingine aliyewahi kuliuliza, na kumbe ndilo lingetukwamisha, maana lango la pale lina mwembe kando yake na lori refu haliwezi kunyooka. Alikuja jana yake kwa pikipiki kutazama. Nikaanza kumwamini hapo.

Alinionyesha pia karatasi ya bima. Bima ya lori ni kitu kimoja, na bima ya mzigo uliobebwa ni kitu kingine. Wengi watakuonyesha stika ya kwenye kioo wakadhani wamekujibu. Yake ya mizigo ililipa hadi shilingi laki tano. Kwa gari hili ningependa zaidi, lakini angalau ilikuwepo, na tarehe zake zilikuwa hai.

Siku yenyewe alichelewa saa mbili na nusu, nitalirudia hilo. Alipofika hakugusa gari. Kwanza alilizunguka akipiga picha kwa simu kila ubavu, kila mkwaruzo, kisha akanitumia zote palepale. Halafu akajaza upepo tairi kwa pampu ya lori. Zilikuwa 205/70 R14, kuukuu, zenye nyufa za kukaa, lakini zilishika. Tatu zilizunguka. Ya nyuma kulia ilikataa.

Breki za nyuma za gari hili ni za diski, ila hendibreki ina viatu vyake vidogo ndani, na hivyo ndivyo vilivyogandana kwa kutu. Mwenye haraka angewasha winchi akaliburuta hivyohivyo. Yeye aliweka kipande cha mti juu ya chuma, akagonga kwa nyundo taratibu huku na huku, akizungusha gurudumu kwa mkono kila baada ya mapigo machache. Dakika arobaini. Likaachia kwa mlio kama wa kuni kavu. Aliniambia kwamba lingegoma kabisa angetandika vipande vya plastiki vyenye sabuni chini ya tairi liteleze, na kweli alikuwa navyo nyuma ya kiti.

Ufunguo ulihitajika kwa kufungua usukani tu, kwa sababu betri ilikuwa imekufa. Hapo gari la zamani lina faida: mengi ya leo hayakubali kutoka P, gia ya kuegeshea, bila umeme, lakini hili ukisukuma mkono wa gia unakwenda N, yaani nyutro, kwa chuma chake lenyewe. Aliangalia mara mbili kwamba iko N. Pedali ya breki tukaikuta ngumu kama jiwe, maana bila injini hakuna kinachoisaidia, kwa hiyo hakumruhusu mtu akae ndani eti "atakanyaga breki". Gari lilishikwa na winchi na kabari za mbao, tanboi akisogeza kabari nyuma ya gurudumu kila lilipopanda shubiri mbili.

Kitanda cha lori lake kinateleza nyuma na kuinama hadi chini. Hata hivyo pua ya SLC ni ndefu, na ekzosi yake imening'inia nyuma. Alitandika mbao nne, ndefu chini na fupi juu, ili mwinuko uanze polepole. Ndoano ya winchi aliitia kwenye pete ya kuvutia iliyo chini ya bampa ya mbele, mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Nililala chini kutazama, na nafasi kati ya ekzosi na ardhi ilikuwa kama vidole viwili. Haikugusa.

Kisha mikanda. Hapa nilisimama karibu, kwa sababu hapa ni kwangu.

Hakufunga popote kwenye bodi wala kwenye vyuma vya chini. Alifunga magurudumu. Kila gurudumu lilipata mkanda wake wa upana wa sentimita tano, unapanda juu ya tairi, una vipande vya mpira vya kuuzuia usiteleze, unashuka hadi pete za kitandani na kukazwa kwa racheti. Maana yake ni kwamba magurudumu yamegandishwa kwenye lori, lakini bodi iko huru kucheza juu ya springi zake kama kawaida. Ukifunga bodi, kila shimo la barabara linaibonyeza chini, mkanda unalegea, bodi inaruka, mkanda unashtuka. Mshtuko huo ndio unaokata mshono. Sisi wa maturubai tunaujua: kamba iliyokazwa haikatiki kirahisi, inayocheza ndiyo inayokatika.

Niliikagua mmoja mmoja. Ilikuwa na lebo ya bluu, yaani nyuzi ni za poliesta, na uzito inaostahimili umeandikwa na bado unasomeka. Mkanda ambao lebo yake imefutika mimi siuamini, kwa sababu umekaa juani mno. Njia nyingine ya kuujua ni kuukwaruza kwa ukucha. Ukitoa unga mweupe, nyuzi zimekwisha kukauka. Mitatu ilikuwa mizima. Wa nne, pale ulipokunjwa kushika ndoano, mshono ulikuwa umekatika nyuzi kadhaa pembeni. Nikamwonyesha. Hakubisha, hakusema "huo umebeba mengi". Aliutoa, akautupa ndani ya kabati ya lori, akachukua mwingine, akaniuliza kama ningeweza kumshonea ule wa zamani. Nikamwambia hapana, mkanda wa kufungia hauponi kwa kushonwa upya na mtu wa cherehani, utanunua. Akaitikia.

Mara nilitaka kulifunika kwa turubai jipya nililolishona mwenyewe wiki nzima, la bluu, lenye pindo nzuri. Yeye alisita, nami nikafikiri kidogo nikaona yuko sahihi, tena mimi ndiye niliyepaswa kumwambia yeye. Turubai lililolegea kwenye upepo wa barabarani hupigapiga, vumbi la Taru linaingia kati, na kufikia Voi rangi ingekuwa imesuguliwa kama kwa msasa. Nikalikunja nikalikalia.

Gia akairudisha P, hendibreki akaiacha bila kuvuta ili viatu visigande tena. Nikamuuliza kama P itashikilia. Akasema, "Ndani ya P kuna kijino kimoja tu, mama, hakijatengenezwa kubeba gari kwenye matuta ya Samburu. Kinachoshikilia ni mikanda." Sikuwa na swali jingine.

Tukaondoka. Alikwenda kilomita sitini kwa saa, malori ya makontena yakitupita yakipiga honi, naye hakuvutika. Tulipofika Mazeras aliegesha kando, akapanda, akakaza racheti zote. Tairi zilikuwa zimejikalia na mikanda miwili imelegea kweli. Tukapita mizani ya Mariakani. Mbele kidogo polisi walitusimamisha, wakataka karatasi za gari lililo juu. Nilikuwa na logbuku iliyo kwa jina la marehemu, barua ya mjane na nakala ya kitambulisho chake, na bila hizo tungelala pale. Mackinnon Road alisimama tena, akakaza, kisha akaenda kutia sadaka kwenye kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya reli, kama madereva wengi wa njia hii. Nami nikatia yangu. Maungu alikagua mara ya tatu. Hakuna mahali nilipomkumbusha.

Yaliyoniudhi nayasema pia. Kuchelewa kwa saa mbili na nusu kulitufikisha Voi usiku, na kushusha gari la thamani kwa mwanga wa simu mbili ni kazi ya kutia hofu. Ningekuwa na ujasiri zaidi ningemwambia alale, tushushe asubuhi. Racheti moja iligusa rimu ya mbele kushoto ikaacha alama ya ukubwa wa punje ya mchele, kwa sababu hakukuwa na kitambaa kati yake. Rimu hizi ni za alumini za kiwandani na hazipatikani ovyo. Nilikuwa na leso mbili begani, ningezitoa kama ningewahi kuona. Waya wa winchi ulikuwa na nyuzi mbili zilizochomoza. Nilimwambia aubadilishe kabla haujamkata tanboi mkono, na nitamuuliza tena. Risiti hakutoa, nina ujumbe wa M-Pesa tu. Na tanboi alikanyaga kizingiti cha mlango kwa viatu vya matope, juu ya ngozi ya asili ya mwaka 1977, nikapiga kelele ambazo sijapiga tangu watoto wangu wakiwa wadogo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ilibaki Changamwe zile saa mbili na nusu.

Baba ana miaka sabini na tisa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki langoni tangu magharibi, na shati lake jeupe la udereva. Hakuna aliyemwambia alivae. Gari liliposhuka hadi magurudumu yote manne yakakanyaga udongo wetu, hakwenda mlangoni wala kwenye usukani. Alimwomba mjukuu amfungulie boneti, akaomba tochi, akainama, akatia mkono moja kwa moja mahali kilipo kijiti cha oili ya giaboksi bila kutafuta. Yeye ndiye aliyemzika kaka, na oili ile nyeusi aliiona. Akakifuta kijiti kwenye leso yangu, akainyanyua leso kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Nyekundu," akasema.